Muhula Niliomwigiza Mama

Jumatatu, 4 Septemba

Muhula wa mwisho umeanza na mvua. Mwalimu wa lugha anasema anayetaka insha zake zisimame aandike kila siku, hata mstari mmoja, hata upuuzi. Haya, naanza na upuuzi: leo nimefika shule nimelowa chapachapa kwa sababu mwavuli ulikuwa mmoja na sikutaka kutembea chini yake na Mama.

Hatujagombana. Ni kwamba mimi na Mama tunasoma darasa moja. Alikatishwa masomo alipopata mimba yangu, akajifunza ushonaji, akawa fundi cherehani anayejulikana mtaa mzima. Halafu mwaka juzi, bila kumwuliza mtu, akajishonea sare, akaenda kuomba nafasi. Nafasi iliyokuwepo ilikuwa darasani kwangu. Wenzangu wanamwita Mama Darasa. Mimi wananiita Kinda. Tangu siku hiyo mimi hutangulia njiani, yeye hufuata nyuma, na tukikaribia geti anapunguza mwendo ili tusionekane tumekuja pamoja. Hajawahi kuniuliza kwa nini.

Baba ni dereva wa lori. Akipita nyumbani hutukuta mezani tumeinamia hesabu, anacheka, anasema, "Nina wanafunzi wawili na hakuna anayenipikia." Kisha anakwenda kupika.

Ijumaa, 8 Septemba

Kikao cha darasa kuhusu mahafali. Aliyeongoza ni mwenzetu tunayemwita Redio, kwa sababu hakuna anayeweza kumzidi kuongea. Wazo lake ni igizo: kila mwaka tuliokaa hapa upewe onyesho lake, wazazi na walimu wacheke, nasi tuage. Tukaanza kukumbushana. Siku mwalimu wa historia alipoanguka na kiti akaendelea kufundisha akiwa sakafuni. Siku tuliyofungiwa maabara tukaimba mpaka mlinzi akaja. Siku kiranja alipolia kwa kukosa namba moja.

"Na siku Mama Darasa alipoingia!" mtu akapiga kelele.

Darasa zima likaangua kicheko. Siku ile wenzangu walimwona mtu mzima, hawakuangalia hata sare, wakadhani ni mwalimu mpya. Walisimama wote, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Naye akageuka nyuma kumtafuta huyo mwalimu.

Mama alikuwa palepale, kwenye benchi lake karibu na dirisha, akicheka kuliko wote. "Liwekeni hilo," alisema. "Na nguo za igizo lote nashona mimi."

Nani atamwigiza? Redio alinitazama. "Sauti unayo, pua unayo, hata kutembea unatembea kama yeye. Kinda, hii ni yako."

Nilitaka kukataa. Lakini watu walinipigia makofi, na mimi si mtu wa kupigiwa makofi.

Jumanne, 12 Septemba

Mvua. Hesabu. Mvua.

Ijumaa, 15 Septemba

Mazoezi ya kwanza, ukumbini. Sehemu yangu ilikuwa fupi: naingia, wanasimama, nageuka. Nikaifanya. Wakacheka kidogo. Nikajisikia vibaya kwamba wamecheka kidogo.

Mara ya pili nikaongeza jinsi Mama anavyolamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa. Wakacheka vizuri. Mara ya tatu nikaongeza anavyomwambia mwalimu "ndiyo, mwanangu" kisha anashika mdomo. Redio alikaa chini, akashika tumbo. "Unaona?" aliniambia. "Miaka yote hii umekaa kimya, kumbe wewe ndiye kichekesho chetu!"

Njiani kurudi sikuhisi mvua.

Jumatatu, 18 Septemba

Mama kaniuliza, "Mmefikia wapi na igizo?" Nikamwambia bado bado. Alikuwa anapima koti la mwalimu wa historia kwa kumkumbuka tu, macho kayafumba, mikono inapima hewa. "Mabega yake yako hivi," alisema. "La kushoto limeshuka."

Jumamosi, 23 Septemba

Leo nimefanya jambo ambalo ningependa kuliandika haraka na kuliacha.

Kila mazoezi watu walitaka kipya kutoka kwangu. Nilishatoa anavyokariri kanuni za fizikia huku anakoroga sufuria. Nilishatoa anavyolala juu ya kitabu na asubuhi ana alama ya jalada shavuni. Leo Redio akasema, "Hiyo tumeshaizoea. Huna nyingine?"

Ninayo nyingine. Jioni moja mwaka jana nilipita mlangoni kwa Mama, pazia halikufungwa vizuri, nikamwona amesimama mbele ya kioo. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe kichwani, kipande tu kilichobaki kwenye kazi ya mteja. Aliinama kidogo, kama mtu anayezungumza na mgonjwa kitandani, akasema kwa sauti laini sana: "Habari za leo? Mimi ndiye nesi wako. Usiogope, sitakuumiza." Akasimama wima. Akajaribu tena, kwa tabasamu tofauti. Mama anataka kwenda chuo cha uuguzi. Anajua Baba, najua mimi. Hajamwambia mtu mwingine.

Nimelifanya hilo leo mbele ya darasa. Kwa kitambaa na kila kitu. "Usiogope, sitakuumiza," nikasema, na nikaongeza kujikwaa kidogo, jambo ambalo Mama hakulifanya. Watu walivunjika mbavu. Kiranja alitokwa machozi.

Nimekula chakula cha Mama usiku huu bila kumtazama usoni.

Jumanne, 26 Septemba

Sijui nianze wapi.

Tulikuwa ukumbini, mvua inapiga bati kiasi kwamba tulilazimika kusema kwa kupaza sauti. Redio alitaka niifanye ile ya kioo tena ili aone nisimame upande gani. Nikafunga kitambaa. Nikainama. Nikasema kwa sauti kubwa, ili mvua isinishinde, "Mimi ndiye nesi wako!"

Hawakucheka. Niliona wanatazama nyuma yangu.

Mama alikuwa mlangoni, amebeba nguo za igizo mikononi, amezifunika kwa nailoni zisilowe. Yeye mwenyewe alikuwa amelowa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akacheka. Ndilo lililonimaliza. Alicheka, akazipanga nguo juu ya meza, moja moja, akiwaonyesha: koti hili, gauni hili, na hili la Mama Darasa mwenyewe, nimelilegeza kiunoni usibanwe. Kisha akanigeukia. "Umenipatia kweli," alisema. "Hata sauti."

Akatoka. Hakuna aliyemfuata. Mimi niliyepaswa kumfuata nilikuwa bado na kitambaa kichwani.

Nyumbani alipika, akauliza kama nimekula vya kutosha, akakaa kwenye cherehani. Nilisimama mlangoni na maneno yamenijaa kinywani. Nikasema, "Mama, koti limetokea vizuri."

"Asante," akasema.

Jumatano, 27 Septemba

Tumekwenda shule. Nimemsubiri ili twende pamoja. Akasema, "Tangulia tu, kama kawaida." Alisema bila ubaya wowote.

Alhamisi, 28 Septemba

Hakuja shule. Anasema kuna kazi za watu zimelundikana.

Ijumaa, 29 Septemba

Hakuja. Nimeosha vyombo, nimefua mashuka, nimesugua hata sakafu ya stoo ambayo hakuna anayeingia. Mama akaniambia, "Usijichoshe, una mitihani." Kana kwamba yeye hana.

Jumatatu, 2 Oktoba

Mwalimu wa Baiolojia, ambaye ndiye mwalimu wetu wa darasa, kaniita nje. "Mama yako yuko wapi? Vitendo ni keshokutwa, na hivi ni vya mtihani wenyewe, si majaribio."

Kweli ilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema, "Anaumwa, mwalimu. Kifua."

"Masikini. Mvua hizi. Mpe pole."

Sikumpa hiyo pole. Ningeanzaje?

Jumatano, 4 Oktoba

Mtihani wa vitendo wa Baiolojia. Asubuhi Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani, hajavaa sare. Nikamwambia, "Mama, leo ni vitendo."

"Najua."

"Bila vitendo hawakupi Baiolojia. Bila Baiolojia chuo hawakuchukui."

"Najua masharti ya chuo kuliko wewe. Nenda, utachelewa."

Ningeweza kumpigia magoti. Ningeweza kukataa kuondoka bila yeye. Nikachukua mwavuli. Na niandike hili pia, maana hakuna atakayeniandikia: nilipofika kona ya kwanza, mwavuli wote wangu, njia yote yangu, hakuna mtu nyuma, nilihisi wepesi. Ulikaa kidogo tu ukaondoka. Lakini niliuhisi.

Meza yake maabara ilikuwa imepangwa vyombo. Mwalimu akasubiri mpaka dakika ya mwisho ndipo akaviondoa.

Ijumaa, 6 Oktoba

Uongo wangu umenirudia kwa miguu yake.

Baada ya masomo kiranja akatangaza kwamba darasa linakwenda kumtazama mgonjwa. Nikasema amelala. Wakasema watamwona akiwa amelala. Nikasema labda inaambukiza. Redio akasema, "Basi tutakaa mbali," na wote wakaanza kutembea, na mimi nikitembea mbele yao kama ninayepelekwa polisi.

Tulimsikia kabla hatujafika. Cherehani ilikuwa inakwenda kwa kasi, naye anaimba. Mlango uko wazi. Mama yangu, mzima kama chuma, ana sindano mdomoni na gauni la harusi la mtu magotini.

Walisimama mlangoni na machungwa yao. Yeye akawatazama wao, akanitazama mimi. Alihitaji kunitazama mara moja tu. Akatoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kitambaa, akakohoa.

"Karibuni wanangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Msinisogelee sana. Kifua hiki!"

Akakohoa tena, vibaya mno. Hakuna mtu mwenye kifua anayekohoa vile. Kama mimi ni mwigizaji, sikupata kwake. Walikaa chini, kwenye mkeka, juu ya vitambaa, popote. Kila mmoja alitoa karatasi: walikuwa wamegawana masomo, wakamnakilia yote aliyokosa. Kiranja kaandika kemia kwa kalamu ya rangi mbili. Mama alizishika karatasi zile akazitazama, akasahau kukohoa.

Walipoondoka Redio alibaki. Alikaa akivuta uzi kwenye mkeka, kisha akasema, "Mama Darasa, wewe huumwi."

"Siumwi."

"Ni lile igizo."

Mama akaendelea kupanga karatasi za masomo.

"Mimi ndiye niliyesema lile lizidi kunogeshwa. Kila siku nilimwambia aongeze. Mama yangu alipofariki ulikuja nyumbani ukashona nguo za wadogo zangu za msibani, hukutaka hata asante. Mimi nikaja kukucheka. Nisamehe." Alisema hivyo macho yake kayaelekeza kwa Mama, hakuyaficha. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Alikwenda moja kwa moja akaomba, na mimi siku zote hizi nilikuwa nasugua stoo.

"Nimekusamehe," Mama alisema. "Nenda nyumbani kabla mvua haijaanza."

Tukabaki wawili. Nikasema, "Mama."

"Sema."

"Nilikuona kwenye kioo. Nikawaonyesha watu. Na nikamwambia mwalimu unaumwa, maana niliona aibu kusema nilichofanya."

Alikunja gauni la harusi taratibu, akalifunika. "Unadhani nimeacha shule kwa kuwa mmenicheka?" akauliza. "Nimechekwa na watu wazima, mimi. Wakati naondoka pale shule na wewe tumboni walinicheka mstari mzima wa asubuhi. Kicheko nakijua. Wewe una kipaji, ndiyo shida. Mtu mwingine angeniigiza ningesema ananisingizia. Lakini wewe ulipoinama pale nikajiona mimi. Nikaona mwanamke mzima, nywele zinaanza mvi, amefunga kipande cha mteja kichwani, anazungumza na kioo. Nikasema, kumbe hivi ndivyo ninavyoonekana. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Sivyo, Mama. Kile cha kujikwaa nilikiongeza mimi. Hukujikwaa."

"Sikujikwaa?"

"Ulikuwa mzuri. Ningekuwa mgonjwa ningefurahi."

"Mbona hukuwaonyesha hivyo?"

"Wasingecheka."

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Akachukua karatasi za kiranja, akalamba kidole, akaanza kusoma kemia.

Jumatatu, 9 Oktoba

Mama amerudi darasani. Wamempigia makofi. Akasema kimepoa kifua, wakacheka, na Redio akacheka kuliko wote ili wengine wasimtazame sana.

Mchana mwalimu wa Baiolojia akatuita sote wawili ofisini. Alifurahi kumwona. "Usihuzunike kuhusu vitendo," alimwambia. "Mgonjwa ana haki yake. Niletee cheti cha daktari tu, mimi nitaandika barua, watakupangia siku nyingine. Mwaka jana walimkubalia mwenzako."

Mama akashukuru. Akasema atamjibu kesho.

Njiani moyo wangu ulikuwa unaruka. Nilitembea naye bega kwa bega bila hata kufikiri. "Mama, sasa umepata njia! Yule tabibu wa zahanati umemshonea koti. Atakuandikia leo leo. Nani atajua?"

Alisimama. Palikuwa na dimbwi kubwa kati yetu.

"Mimi nataka kuwa nesi," alisema. "Kesho kutwa mtu ataniletea mtoto wake ana homa, nimwandikie dawa alizopewa na saa alizopewa, na maisha yake yategemee nilichoandika. Sasa nianze kazi hiyo na karatasi ya uongo ya hospitali?"

"Lakini ni kosa langu! Kwa nini likulipishe wewe?"

"Kutokwenda vitendo ni kosa langu. Hukunifungia mlango, nilikaa ndani kwa kiburi changu, nikajuta jioni yake. Hilo nalibeba." Akaruka dimbwi. "La kusema naumwa ni lako. Ukalibebe."

Jumanne, 10 Oktoba

Nimekwenda ofisini kabla ya kengele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, yote yakayeyuka.

"Mwalimu, Mama hakuumwa."

Akaweka kalamu chini.

"Aliumizwa. Na mimi." Nikamweleza yote, kioo, kitambaa, kujikwaa, kikohozi cha uongo. Nikaongea nikitazama viatu vyake. Mwalimu huyu amenifundisha tangu nilipoingia shule hii, mdogo wa kuonewa na wakubwa. Aliponipa jibu, sauti yake haikuwa ya hasira. Afadhali ingekuwa.

"Nimewaambia walimu wenzangu wamwombee," akasema. "Ijumaa tulimwombea. Sote, tumesimama." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo sina la kumwandikia."

"Ndiyo, mwalimu."

"Yeye kakutuma uje?"

"Hapana. Kaniambia ni langu."

Akatikisa kichwa, sijui kwa nini. "Nenda darasani."

Darasani nikawaambia pia. Niliposema kwamba Mama hatapata Baiolojia, hata wa mbele wakageuka kumtazama. Mama alikuwa dirishani akichonga penseli. Hakunisaidia, na hakunizuia.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mazoezi. Onyesho la kioo limeondolewa. Nilisema nisiigize kabisa, Mama akasema, "Gauni nimeshakupimia." Basi naingia, wanasimama, nageuka. Fupi kama mwanzo.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mitihani imeanza. Mvua haijakatika.

Jumatano, 8 Novemba

Leo ilikuwa karatasi ya Baiolojia. Mama aliifanya, ingawa haitahesabiwa. Alitoka wa mwisho. Nilimuuliza kwa nini amejitesa. "Nilitaka kujua kama ningeweza," akasema. Sikuuliza kama aliweza. Uso wake ulishajibu.

Jumamosi, 18 Novemba

Mahafali. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama madirishani. Igizo lilikwenda vizuri. Mwalimu wa historia alipoliona koti lake na bega lililoshuka alisimama mwenyewe akageuka watu walione. Nilipoingia mimi, wenzangu wakasema "Shikamoo mwalimu!", nikageuka nyuma, watu wakacheka. Mama alicheka pia, katikati ya wahitimu.

Mgeni rasmi alimsifu. Alisema mama na binti kuhitimu siku moja ni jambo la kujivunia, akamtaka asimame, akatutaka tumpigie makofi. Baba, aliyefika na vumbi la safari, alipiga mpaka viganja vikawaka. Mgeni akasema, "Na binti yake pia, asimame, amelelewa vizuri." Nikasimama. Darasa langu lote lilijua. Walinipigia makofi, na sijui ni huruma au ni utaratibu tu. Sijawahi kusimama muda mrefu namna ile.

Jumatatu, 20 Novemba

Mama amekwenda shule leo, peke yake, kuuliza utaratibu. Wamemruhusu kurudia Baiolojia mwakani. Atakaa na darasa la chini yetu. "Vitoto kweli," alisema akivua viatu. "Kimoja kimeniuliza kama nimekuja kufagia." Akacheka. Nikajaribu kucheka, kikakatika.

Nikamwomba nishike cherehani ili apate muda wa kusoma. Akanitazama mikono. "Tuanze na pindo," akasema.

Jumatano, 29 Novemba

Jua. Uani nguo zimekauka kabla ya saa sita.

Nimeharibu sketi ya mwalimu wa chekechea. Pindo limepanda upande mmoja, limeshuka mwingine, na mshono umepinda katikati kama njia ya chungu. Nilifikiri Mama ataona kabla mwenyewe hajaja, lakini alikuwa ndani na kitabu, na mteja akafika mapema. Aliifunua palepale barazani, wateja wengine wawili wakiwa wamekaa wanasubiri.

"Fundi!" aliita. "Hii kashona nani?"

Nilikuwa nyuma ya cherehani. Nikainama nikatafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Nilitegemea Mama aseme mashine imeharibika, au ni kazi ya haraka, au aichukue kimya akairekebishe.

Mama akatoka, akaipokea, akaigeuza kwenye mwanga wa jua ili kila mtu aone.

"Binti yangu," alisema, bila kushusha sauti. "Yule pale. Bado anajifunza."

Akaniletea sketi na kijembe cha kufumulia. Nikaanza kufumua, na macho yangu hayakuona vizuri uzi.